Mlima Unaopotea Pichani: Miamba ya Utah, Mchanga wa Dakar na Tope la Safari

Kila aliyewahi kupandisha gari mlima mbaya analijua lalamiko hili. Boneti imeziba mbingu, abiria wa nyuma wamenyamaza, dereva hapumui. Baadaye rafiki aliyeshuka kupiga picha anatoa simu yake, na kinachoonekana ni gari lililosimama kwenye barabara ya vumbi yenye mwinuko mdogo ambao hata baiskeli ingeupanda. Mlima umepotea.

Sababu zake zinaeleweka. Mwili wa mtu hupima mwinuko kwa majimaji yaliyo ndani ya sikio, kwa mgongo unavyogandamizwa kwenye kiti, kwa macho mawili yanayokadiria umbali. Kamera ina jicho moja na haina sikio. Tena mpigapicha aliyesimama kwenye mlima uleule huinamisha kamera bila kujua, ikalingana na ardhi, na hivyo akaufuta kwa mkono wake mwinuko aliotaka kuuonyesha.

Kwa muda wa miaka 70 hivi, wapigapicha wa magari ya porini sehemu mbalimbali za dunia wamekuwa wakipambana na tatizo hilo moja, na kila jamii imejitafutia shahidi wake wa kuusemea mlima. Wamarekani wamechukua tairi. Wafaransa, waliotuletea mbio za Dakar, wamechukua ukubwa wa nchi. Sisi wa Afrika Mashariki tulimchukua binadamu. Naamini shahidi wetu ndiye bora kuliko wote, na nasikitika kwamba ndiye tunayemwacha.

Tuanze mwaka 1953, kwa kuwa mila mbili kati ya hizo zilizaliwa mwaka huo bila kujuana. Mwishoni mwa Mei, magari yaliondoka kwenye mbio za kwanza za Coronation Safari, zilizoanzishwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwezi Agosti, huko California, msururu wa magari ya Jeep uliondoka mji mdogo wa Georgetown ukafuata njia ya Rubicon kuvuka milima ya Sierra Nevada kuelekea Ziwa Tahoe. Hiyo ndiyo Jeepers Jamboree ya kwanza. Safari ilikuwa mashindano ya mwendo na umbali. Jamboree haikuwa mashindano kabisa: njia ya Rubicon ina kilomita zipatazo 35 tu, na watu huipita kwa siku mbili au zaidi, kwa sababu gari linapanda jiwe baada ya jiwe kwa mwendo ambao mtoto anayetembea angelipita.

Kutokana na mwendo huo wa taratibu ndipo upigaji picha wa Kimarekani ulipopata tabia yake. Nenda Moab, jimbo la Utah, ambako tangu 1967 wenye Jeep hukusanyika kila Pasaka. Mwamba wa huko ni mchanga uliogeuka jiwe, mwekundu, mpana, laini kwa macho lakini unaoshika mpira wa tairi vizuri mno. Mpigapicha analala kifudifudi juu ya mwamba huo, lenzi pana karibu kabisa na ardhi, mita mbili tatu kutoka kwenye gurudumu, pembeni mwa njia ya gari. Anachokitafuta ni kitu kidogo. Dereva amepunguza upepo wa tairi hadi paundi 15 au chini ya hapo, na tairi linapokanyaga ncha ya jiwe, ubavu wake unabonyea, unatanuka, unalikumbatia jiwe lile mpaka vikunyanzi vinajitokeza kwenye mpira. Upande wa pili, gurudumu la nyuma limening'inia hewani, springi imefunguka mpaka mwisho, na kati ya tairi na ardhi pana nafasi ya kupitisha kreti ya soda. Mbele ya gari amesimama mtu mmoja, vidole viwili vimeelekezwa kushoto. Ni kazi ileile ya utingo wetu anayemwongoza dereva wa lori kwenye daraja la magogo.

Picha ya namna hiyo haihitaji kasi kubwa ya shata. Gari linatambaa, sehemu ya 250 ya sekunde inatosha, na wengine huishusha hadi 60 ili gurudumu linalozunguka bila kushika lionekane likizunguka, kwa maana ukiligandisha gari linalotambaa litaonekana limeegeshwa. Ubora wa mila hii ni kwamba inamfundisha mtazamaji mashine inavyofanya kazi. Ukiona springi moja imebanwa na nyingine imefunguka, unajua ardhi ilivyopinda hata kama ardhi yenyewe huioni.

Upungufu wake ni kwamba inaridhika na hapo. Nimetazama picha nyingi za aina hii, na baada ya muda macho yanachoka: gurudumu hewani, gurudumu hewani, gurudumu hewani. Nchi nzima ya Utah, yenye mabonde ambayo mto Colorado umeyachimba kwa mamilioni ya miaka, inageuka kuwa meza ya kuonyeshea vipuri.

Dakar ni kinyume chake. Mwaka 1977 Thierry Sabine, Mfaransa, alipotea na pikipiki yake jangwani Libya katika mbio za kutoka Abidjan kwenda Nice. Aliokolewa, akarudi kwao na wazo la kuwapeleka wengine kwenye ukubwa ule alioukuta. Tarehe 26 Desemba 1978 msafara wa kwanza uliondoka Paris kwenda Dakar. Mbio zilizozaliwa kwa mtu kupotea zilitoa picha zinazofanana na kupotea. Mpigapicha yuko kwenye helikopta au juu ya tuta lingine kilomita moja mbali. Gari ni doa dogo chini ya ukuta wa mchanga. Nyuma yake mstari mmoja wa nyayo za tairi unaofifia. Mlima unaonekana mkubwa kwa sababu gari ni dogo. Jibu hilo ni zuri, na ni rahisi kuliko watu wanavyofikiri, kwani linachohitaji hasa ni mpigapicha kukubali kurudi nyuma.

Jangwa lina masharti yake, na yeyote anayekwenda kupiga picha kwenye matuta ya Oman au Liwa kule Abu Dhabi atayakuta. Mchanga unaomeremeta unaidanganya kamera. Kamera hudhani mwanga umezidi, ikaufanya mchanga kuwa wa kijivu, hivyo inabidi kuongeza mwanga hatua moja juu ya inavyopendekeza. Jua la mchana hufuta matuta yote yakawa bamba moja. Asubuhi na jioni, mwanga ukiwa wa pembeni, kila kikunjo cha mchanga kinatupa kivuli na tuta linapata umbo. Halafu kuna adabu ya nyayo: ukishalikanyaga tuta, picha imeharibika, wewe na wenzako wote, mpaka upepo utakapolifagia tena. Wapigapicha wazuri wa jangwani huzunguka mbali kwa miguu ili kufika walipotaka kusimama bila kuugusa mchanga ulio mbele ya lenzi.

Kuna udanganyifu mmoja ambao jangwa huufichua lenyewe. Mchanga mkavu haulali kwenye mwinuko wowote unaotaka. Ukizidi nyuzi 34 hivi, unaporomoka mpaka urudi pale. Basi ukiona picha ya gari likiteremka uso wa tuta wenye mwinuko wa nyuzi 55 au 60, fahamu kwamba kamera imepindishwa. Ujanja huo umeenea kwenye miamba na kwenye tope pia, na ni wa kukataliwa popote. Mtu aliyepanda mlima wa kweli hastahili kuchanganywa na aliyepindisha simu.

Hata hivyo kuna jambo ambalo picha za Dakar haziwezi kuliponya. Mbio zilihamia Amerika Kusini mwaka 2009, na tangu 2020 zipo Saudi Arabia. Ondoa maelezo ya chini ya picha, kisha uweke picha ya Mauritania, ya Atacama nchini Chile na ya jangwa la Rub' al-Khali huko Saudi Arabia pamoja: utapata shida kuzitenganisha. Nchi tatu zenye watu, lugha na historia tofauti zimekuwa mandhari moja tupu. Ukubwa umeonekana, mahali pamepotea.

Nataka kuzitaja na picha za Camel Trophy, lakini kwa ufupi. Mashindano hayo yaliendeshwa kati ya 1980 na 2000, na mwaka 1991 yalipita Tanzania na Burundi. Ndiyo yaliyoifundisha dunia kwamba tope linaweza kuwa zuri: Land Rover ya manjano, maji mpaka kwenye taa, wanaume wamelowa kifuani. Rangi ile ya manjano ilikuwa uamuzi wa akili, maana inaonekana hata gari likiwa limepakwa tope pande zote. Lakini zilikuwa picha za kutangaza sigara, na shujaa wake alikuwa mgeni anayeishinda nchi ya watu.

Sasa turudi nyumbani. Mbio za Safari kwa miongo mingi zilikimbiwa kwenye barabara za umma ambazo hazikufungwa. Jambo hili ndilo lililojenga mila yetu ya picha, kuliko kipaji cha mtu yeyote. Mpigapicha hakuwa na namna ya kuitenga barabara na maisha yake. Palikuwa na basi, palikuwa na ng'ombe, palikuwa na wanafunzi waliotoka shule kuja kuangalia. Magari yalifungwa ngao mbele kwa sababu ya mifugo na wanyama, na timu kubwa zilirusha helikopta za kumwonya dereva kilichokuwa mbele yake. Kwa miaka mingi mbio zilifanyika wakati wa Pasaka; masika yakikutana nayo, barabara ziligeuka uji. Mwaka 1963 na tena 1968 magari saba tu ndiyo yaliyofika mwisho, na miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki na Peugeot 404.

Chukua picha ya kawaida ya wakati ule, ya aina uliyoiona kwenye kalenda ya duka au gazeti la zamani. Gari limezama mpaka kwenye milango. Watu wanane wanalisukuma. Mmoja ana koti la suti na miguu mitupu. Suruali imekunjwa, tope limefika chini kidogo ya goti. Mwingine ameteleza, mkono mmoja chini, mwingine bado uko kwenye buti ya gari. Migongo imelala karibu sambamba na ardhi. Nyuma yao, kando ya barabara, mama mmoja amesimama wima na mzigo kichwani, anatazama.

Hakuna kifaa kinachopima tope kama goti la mtu huyo. Mtazamaji yeyote, wa Kitui au wa Kyoto, ana goti na anajua lilipo. Hakuna kinachoonyesha uzito wa gari kama ile migongo iliyolala. Na yule mama aliyesimama wima anafanya kazi ambayo hakuitwa kuifanya: yeye ndiye timazi ya picha. Fundi anayejenga ukuta huning'iniza timazi ili ajue ukuta umesimama au umelala. Mtu aliyesimama karibu na gari lililoinama humwambia mtazamaji papo hapo limeinama kiasi gani, kwa sababu binadamu, hata akiwa juu ya mlima, husimama kwa kufuata dunia. Ndiyo maana pia udanganyifu wa kupindisha kamera haufanyi kazi akiwapo mtu. Atainama naye, na uongo utaonekana.

Tatizo letu la leo lilianza kwa habari njema. Safari ilirudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021, Naivasha, baada ya kutokuwamo tangu 2002. Hatua za sasa ni fupi, zimefungwa, nyingi ziko ndani ya mashamba makubwa na hifadhi. Kwa usalama ni jambo la lazima, na silipingi. Ila watazamaji wamewekwa sehemu zao, wapigapicha wenye vizibao wamewekwa zao, na picha zinazotoka zinafanana na za Dakar: gari, vumbi, kilima, basi. Kinachotofautisha ni twiga. Kila mwaka lazima iwepo picha ya gari na twiga, au gari na punda milia, na kila mwaka inasifiwa. Twiga anamwambia mtazamaji kwamba hapa ni Kenya. Juu ya barabara hasemi lolote. Huwezi kujua kwa twiga kama chini ya gari ni jiwe, mchanga au ule unga laini wa Kedong, karibu na Naivasha, unaolala chini ya gamba jembamba na kulimeza gurudumu lote ghafla.

Vumbi la Naivasha lenyewe linataka kujifunzwa. Ukiwa na jua mgongoni, wingu lile ni ukuta wa kijivu, na gari likishapita hakuna picha tena kwa dakika nzima. Hamia upande wa pili, jua liwe nyuma ya gari, na wingu hilohilo linawaka kama dhahabu, gari linajitokeza mbele yake kwa umbo kamili. Lakini hapa tupo karibu na ikweta, na jua letu halina subira kama la Utah. Linapanda karibu wima, nyuzi 15 kwa saa. Dakika 40 baada ya kuchomoza limeshafika nyuzi 10. Saa 4 asubuhi limevuka nusu ya njia ya kwenda utosini. Anayefika saa 3 akitarajia mwanga mtamu wa picha alizoziona kwenye majarida ya Marekani atakuwa amechelewa. Na usibadilishe lenzi vumbi likiwa hewani. Chagua moja asubuhi ukae nayo.

Mwaka 2024 mbio zilifanyika tena wakati wa Pasaka, na mvua zikarudi nazo, kwa hiyo tope linatuhusu tena. Tope jeusi linaidanganya kamera kwa namna iliyo kinyume na mchanga: hudhani kuna giza, ikaongeza mwanga, na udongo ukaonekana wa kijivu uliokauka. Punguza. Wengi hufunga kichujio cha kuondoa mng'ao, nami nawasihi wakivue kwenye tope, kwa sababu ule mng'ao ndio unyevu wenyewe. Ukiuondoa umeikausha barabara. Maji yanaporuka kwenye kivuko, sehemu ya 1000 ya sekunde itayagandisha tone kwa tone. Gari linalokimbia kwenye tambarare, shusha hadi 80 na ulifuate kwa kuzungusha kiuno, ili lenyewe litulie na majani nyuma yake yawe mistari.

Mahali ambapo mila hizi zinakutana vizuri ni Rhino Charge, mashindano ya magari ya Kenya yaliyoanza mwaka 1989 ili kuchangia uzio wa umeme wa milima ya Aberdare, uliokamilika mwaka 2009 ukiwa na kilomita zipatazo 400. Humo kasi haihesabiwi. Magari hupewa saa 10 kufika vituo vyote, na mshindi ni aliyetumia umbali mfupi zaidi, ndiyo maana madereva huteremka makorongo ambayo mtu mwenye akili timamu angeyazunguka. Mwendo ni wa Rubicon, lakini mbele ya kila gari wanakimbia watu kwa miguu wakitafuta njia, wakihamisha mawe, wakining'inia ubavuni ili gari lisipinduke. Tairi lipo, springi ipo, na binadamu yupo katikati ya kazi. Mpigapicha akilala chini kwa namna ya Moab, akamweka yule anayening'inia ndani ya fremu, amepata vyote. Ajihadhari tu na waya wa winchi: ukikatika unachapa kwa nguvu ya kuua, na hakuna picha inayopigwa kwa kusimama kwenye mstari wake.

Sina maana kwamba tusijifunze kwa wengine. Kwa Wamarekani tuchukue kulala chini. Mwenye simu anaweza leo hii kuigeuza juu chini, lenzi ikawa sentimita chache kutoka ardhini, na jiwe alilokuwa akilidharau litasimama kama lilivyo. Kwa watu wa Dakar tuchukue subira ya kurudi nyuma. Ukisimama chini ya kilima na lenzi ndefu, au ukavuta simu mara tatu badala ya kutumia upana wake wa kawaida, kilima kilicho nyuma ya gari kitasogea na kusimama kama ukuta. Ukitaka mwinuko wa kweli, pembe kwa pembe, nenda ubavuni, gari likupite kutoka kushoto kwenda kulia, kamera ikiwa sawa na upeo wa macho. Droni iache kwenye begi: moja kwa moja kutoka juu hakuna mlima duniani usioonekana bapa, na kwenye mbio zenye helikopta ni hatari kwa maisha ya watu, mbali na vibali inavyohitaji.

Lakini tuyachukue hayo bila kumtoa mtu kwenye picha. Wahariri wa magazeti na kurasa za michezo wana sehemu kubwa ya lawama, kwa sababu wao ndio huchagua twiga. Waandaaji nao wanaweza kuwatengea wapigapicha nafasi moja, upande salama wa kona, ambapo gari na watazamaji wanaonekana pamoja. Nawe msomaji unayekwenda Naivasha na kamera au simu, usiridhike na kilima walichojazana wenye vizibao. Tembea hadi walipo wenyeji, simama upande wa ndani wa kona, usikilize anachosema msimamizi wa njia. Zungumza na watu kabla ya kuwapiga picha, uwaombe ruhusa, uwaulize majina yao na uyaandike chini ya picha kama unavyoandika jina la dereva.